Harufu ya Kazini

Nyumba ya rafiki yangu Kioo ilikuwa na sheria moja niliyoichukia: baba mwenye nyumba haingii ndani mpaka apumue. Kila jioni alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, mkewe akatoka jikoni na taulo begani, akamsogelea na kumwambia, "Pumua." Akipumua vizuri, anapita. Akipumua vibaya, analala kwenye benchi la barazani mpaka pombe zimtoke. Nikiona vile damu ilikuwa inanichemka. Mtu mzima, fundi mwenye heshima zake, ananuswa kama maziwa ya jana!

Lakini shemeji hakuianzisha sheria ile kwa ukorofi. Alikuwa ameshamwokota mumewe mtaroni, ameshamsikia akimtukana mbele ya wageni, ameshachoka. Tena Kioo alikuwa na kisingizio cha uhakika. Kazi yake karakanani ni kung'arisha samani, na polishi yetu huchanganywa na spiriti, ambayo inanuka vilevile kama pombe kali. Kila alipobanwa alijibu, "Ni harufu ya kazini, mke wangu." Nami ninayeshona makochi pembeni yake, nikiitwa kutoa ushahidi, niliapa kwa macho makavu kwamba ni spiriti tu. Mafundi hatuchomani.

Jina la Kioo tulimpa sisi, kwa sababu meza ikitoka mikononi mwake unaweza kujitazama juu yake ukinyoa ndevu. Mikono hiyo ilitegemea kuzimua. Asubuhi, kabla hajapiga tama moja, hakuweza hata kufungua kopo. Akishapiga anatulia, na kitambaa chake kinateleza juu ya mbao bila kuacha alama.

Aliyemwachisha si mkewe. Ni binti yao aliyeolewa, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Alimwambia baba yake kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi: "Baba, mwanangu hatashikwa na mtu aliyelewa." Kioo alinisimulia Jumatatu asubuhi huku vidole vinamcheza.

"Nimeacha," akasema. "Jana nimemwaga yote iliyobaki."

"Umeimwaga wapi, kooni?"

Hakucheka. "Binti yangu anakuja keshokutwa. Nimempigia simu mwenyewe, nimemwambia aje anione. Mke wangu sijamwambia kitu. Maneno yangu ameyachoka, acha aone kwa vitendo."

Tukampa ushauri wa bure, kama wanavyopenda watu wasiojua kitu. Seremala mkuu alisema hiyo ni arosto tu, mwili unadai kilevi, ajikaze kisabuni, kutetemeka ni dalili kwamba sumu inatoka. Mwingine akamletea maji ya limau. Hakuna aliyemwambia aende hospitali, kwani nani anakwenda hospitali kwa sababu ameacha pombe? Sisi tulidhani hospitali ni ya wanaokunywa.

Siku mbili hizo alitapika hata maji. Shati lilimlowa kama amenyeshewa, na kikombe alikishika kwa mikono miwili bado kikamwagika. Jioni alijisugua kwa sabuni kwenye bomba la karakana, akaenda kwake, akapumua, akapita. Alikuwa akinisimulia jambo hilo kwa fahari, meno yakigongana.

Siku aliyotarajiwa binti, mchana, nilimkuta anafuta meza isiyo na kitu. Anafuta kwa nguvu, anarudia palepale.

"Hawa siafu wametoka wapi?" akaniuliza.

"Siafu gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa ni mimi. Kisha akageukia kabati lililokuwa linangoja kung'arishwa, akamwamkia mtu aliyesimama nyuma yake. Alimwita mama. Mama yake tulishamzika zamani. Nikaingiwa na hofu. Alipotaka kuinua kopo la spiriti lilimponyoka, likammwagikia kuanzia kifuani hadi miguuni. Nikamshika mkono, nikampeleka nyumbani vivyo hivyo, bila hata kumbadilisha shati.

Binti alikuwa ameshafika. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi, amekaa sebuleni, miguu juu ya kigoda, tumbo limejaa. Shemeji akatoka na taulo lake.

"Pumua."

Kioo akapumua. Hakukuwa na haja, harufu ilimtangulia.

"Shemeji, hajanywa," nikasema haraka. "Haki ya Mungu, ni spiriti imemmwagikia. Ameacha tangu Jumapili. Huyu anaumwa."

"Anaumwa." Akamtazama mumewe kuanzia juu mpaka chini: macho mekundu, jasho, miguu inayopepesuka, mkono unaofukuza wadudu hewani. "Kwa hiyo huyu ndiye mzima wenu, siyo? Shemeji, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote. Leo mbele ya mwanangu, naomba unipumzishe."

Kila nilichosema siku ile nilikuwa nimeshakisema siku nyingi nyuma, na siku hizo zote nilidanganya. Kioo mwenyewe alijaribu. "Mke wangu, sijanywa," akasema, ulimi mzito. "Waambie hao walioko dirishani waondoke, nikueleze." Dirishani hapakuwa na mtu. Shemeji akamwonyesha benchi.

Binti akainuka polepole, akachukua mkoba wake. Alipofika barazani alisimama mbele ya baba yake, machozi yakimtoka. "Ungeniambia tu nisije, Baba. Nisingekulaumu." Kioo akanyoosha mkono amshike, na mkono ukakakamaa hapohapo. Macho yakageuka, taya zikabana, akaanguka kutoka kwenye benchi. Mwili mzima ukawa unajipigiza sakafuni, povu limetoka na damu, maana alikuwa amejing'ata ulimi. Binti akapiga kelele. Shemeji taulo likamdondoka.

Hospitalini alipokewa na daktari wa kike, kijana, mwenye haraka.

"Amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Leo," shemeji akasema.

"Jumapili," nikasema mimi.

Daktari akainua macho. "Nataka jibu moja. Kama ni leo, matibabu ni mengine."

Tulitazamana mimi na shemeji juu ya kitanda kile, na niliona anaanza kuelewa kabla daktari hajamaliza kumpima. Daktari alituambia mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka hujipanga kuizunguka, na ikiondolewa ghafla unakurupuka wote: jasho, kutetemeka, kuona visivyokuwepo, degedege, hata kifo. Mtu wa namna hii haachi peke yake nyumbani. Hulazwa, hupewa dawa ya kumtuliza, vitamini na maji, na dawa hiyo hupunguzwa taratibu mpaka mwili ukubali.

"Kwa hiyo alikuwa hajanywa," shemeji akasema.

"Angekuwa amekunywa, asingekuwa hivi."

Alikaa sakafuni. Hakulia. Alirudia tu, "Nilimwambia apumue," mpaka muuguzi akamwinua.

Kioo hakufa. Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa nadanganya tena. Alitoka wodini amekonda, na karatasi ya kurudi kliniki wiki inayofuata. Hakurudi. Aliporejea karakanani mikono yake ilikuwa imetulia tuli, na mimi si mtoto, nikajua imetulizwa na nini. Nikaenda kumwona shemeji.

"Nampa mimi," akaniambia, bila kuzunguka. "Asubuhi kikombe kimoja na jioni kimoja, kwa mkono wangu."

"Shemeji, daktari alisema anaweza kuacha, ila pale hospitalini kwao, chini ya dawa."

"Alisema akiikosa ghafla anaweza kufa. Hilo nimelisikia vizuri. Wewe ulimshika miguu tu pale barazani. Mimi nilimshika kichwa. Sitaki kuona tena, hata kwa dawa. Bora nibaki na mlevi."

Nilibishana naye nikachoka. Binti amejifungua salama, mtoto wa kike. Hajamleta, na Kioo hamuulizii.

Wiki iliyopita, tukiwa tunakula, niliamua kumwambia mwenyewe. Yeye hakumbuki chochote, siku zile zimefutika zote, anajua tu kwamba aliugua. Nikamweleza kwamba aliacha. Kwamba alimwaga iliyobaki, akavumilia, na siku binti yake alipokuja hakuwa na tone mwilini.

Akacheka mpaka akapaliwa, akanipigapiga mgongoni.

"Wewe ni rafiki wa kweli," akasema. "Unanitetea hata kwangu mwenyewe."

Kisha akarudi kwenye meza yake, akaendelea kung'arisha.