Seli za Mama Mmoja

Kiwandani walimwita Mkunga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulea. Alilea seli ndani ya tangi la chuma lenye kimo cha ghorofa mbili, zikielea kwenye maji ya sukari na chumvi yenye joto la mwili wa mtu. Zote zilizaliwa na seli moja iliyochaguliwa zamani, na zote zilitoa kitu kilekile: kingamwili, askari wadogo wanaozitambua seli za saratani ya matezi na kuzing'ang'ania.

Kaka yake, fundi cherehani, alikuwa na saratani hiyohiyo. Dawa ilikuwa imeadimika, na hospitali ilimwambia avute subira mpaka kiwanda kitoe mzigo mpya. Mzigo wenyewe ulikuwa ndani ya tangi la Mkunga.

Mavuno yalipokaribia, asubuhi moja aliingia zamu, akavaa ovaroli nyeupe na glovu, akatazama vipimo. Oksijeni ilikuwa inashuka. Akaongeza hewa, ikazidi kushuka. Seli zake hazikuwa na ulafi wa namna hiyo. Kulikuwa na mgeni anayekula humo ndani.

Akachota sampuli, akampelekea msimamizi wa zamu, mama wa maneno machache. Chini ya hadubini, katikati ya seli za mviringo, vijiti vidogo vilikuwa vinachezacheza. Bakteria.

"Tupime tena," msimamizi alisema.

Wakapima tena. Vilikuwa vimeongezeka.

"Chujio si litavinasa?" akauliza fundi wa pampu, aliyejua habari za mgonjwa.

"Litanasa bakteria," Mkunga akajibu. "Sumu yao itapita."

Tangi zima lilipaswa kuuawa kwa mvuke na kumwagwa. Msimamizi akamvuta pembeni.

"Kaka yako si ndiye anayesubiri tangi hili?"

"Ndiye."

"Basi nenda nyumbani. Mwingine atafungua mvuke."

"Nimezilea mimi, mama. Nitazizima mimi."

Akafungua valvu. Mvuke ukaingia kwenye kuta za tangi, chuma kikanguruma, na joto likapanda mpaka kila kilichokuwa hai humo kikafa, kizuri na kibaya. Baadaye mafundi waligundua chanzo: raba ya valvu moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Jioni alimkuta kaka yake akishikiza vifungo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona uso umeshuka?"

"Dawa tumeimwaga. Iliingia uchafu."

Kaka akakata uzi kwa meno. "Yote?"

"Yote."

"Nani aliyeimwaga?"

"Mimi."

Kaka akaweka sindano chini. "Nimekusomesha kwa jasho langu, leo unanimwagia dawa," akasema, akajaribu kucheka, akashindwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Naogopa, mdogo wangu."

Tangu baba yao afariki, yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba, na Mkunga hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Akamshika mkono.

Ikawa kungoja. Matezi ya kaka yalivimba mpaka kola za mashati yake zikakataa kufunga, na uvimbe wa kwapani ukaulemea mkono wa kushoto. Kiwandani walibadilisha raba zote, wakasugua tangi, wakaamsha seli nyingine kutoka kwenye akiba ya baridi kali. Mkunga alizilea upya, zamu baada ya zamu.

Dawa ilipofika hospitali, Mkunga alikaa kando ya kitanda cha kaka akitazama matone yakishuka kwenye mrija. Shingo ilinywea. Mkono ulibaki mzito. Haukuweza tena kuongoza kitambaa chini ya sindano.

Akamfuata daktari kwenye korido. "Angepata mapema, mkono ungepona?"

Daktari alifikiri kwanza. "Inawezekana. Sina namna ya kujua."

Mkunga akamshukuru kwa kutomdanganya, akatoka nje, akalia akiwa amesimama, mkoba ukiwa bado begani.

Sasa mke wa kaka ndiye anayeshona, na kaka hukaa kando akimwelekeza mpaka wanagombana kwa sababu ya pindo. Mkunga akipita kutoka kazini hukaa upande wa mkono mzito na kuukanda taratibu. Kaka humuuliza seli zimeamkaje, naye humweleza. Alichosema daktari hajamwambia, na kaka hajawahi kuuliza.