Sekunde Saba

Kelele za goli zilitoka ng'ambo ya barabara, na kwetu mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja.

Nikahesabu kimoyomoyo. Kwenye luninga yetu kubwa winga ndiyo kwanza alikuwa anapokea pasi. Nilipofika saba, mpira ukatikisa wavu, tukasawazisha. Hakuna aliyesimama. Mafundi bomba watano, wateja pekee waliokuwa ndani, walilitazama goli lao kama mtu anayesoma gazeti la jana.

"Bosi," akasema Kipara, mkubwa wao, "hii tivii yako inatuonyesha mpira au historia?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa shida.

Kosa nililifanya mwenyewe. Niliona luninga ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa na antena juu ya paa, inatutia aibu. Nikaweka mpya, pana kama mlango, inayovuta picha kwa intaneti. Ya zamani nikampa jirani aliyekuwa anafungua baa ng'ambo, tena nikapanda ngazi mwenyewe kumfungia antena. Sikujua kwamba picha ya intaneti huja imechelewa. Tangu hapo kila goli tunalisikia kwake kwanza. Wateja wakahama mmoja mmoja, bila ugomvi. Siwalaumu. Ni vigumu kushangilia kitu ulichokwisha kuambiwa.

Walibaki mafundi bomba. Kwa miaka kumi na moja, kila usiku wa mechi, wamekula sinia moja kwetu. Jioni ile mke wangu alikuwa ameniambia jikoni, bila kupandisha sauti, "Baba watoto, meza ile ikihama, tufunge. Siwezi kuwapikia viti."

Mechi ikaenda kwenye penalti. Nikafunga madirisha, joto likapanda. Nikaongeza sauti hadi spika zikakoroma. Kelele za ng'ambo bado zilipenya. Nikakimbilia jikoni, nikawasha blenda tupu.

"Unasaga nini?" mke wangu akauliza.

"Sijui. Wasisikie tu."

Alinitazama kidogo, kisha akaizima taratibu, kama anayemfunika mgonjwa shuka.

"Peleka nyama, imeiva."

Nikaweka sinia mezani, nyama na viazi vikifuka moshi. Hakuna mkono ulioshuka. Kipara alikuwa anautazama mlango.

"Shemeji atakasirika tukienda?" akaniuliza.

"Kaka, kaeni. Nitaziba mlango kwa magodoro. Ninayo mawili ndani. Au nizime sauti, niwatangazie mwenyewe. Mnakumbuka nilivyokuwa natangaza zamani, mkicheka mpaka mnalia?" Nilijisikia ninavyopayuka, ila mdomo haukukoma. "Leo tu, kaka. Mbaki leo tu."

Wale vijana wake wakainamisha vichwa. Yeye hakuinamisha.

"Bosi, miaka kumi na tisa hatujafika fainali. Nataka nione ikitokea. Nisamehe."

Akashika sinia upande mmoja, mwenzake upande wa pili. Wakavuka barabara nalo polepole, kama wanaobeba kioo cha dirisha.

Mke wangu akatoka, akifuta mikono kwa kanga.

"Wameenda na sinia."

"Nitalifuata wakimaliza."

"Lifuate sasa," akasema. "Na wewe ni timu yako."

Nikavuka. Kwa jirani watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. "Jirani! Mpisheni mwenye antena!" jirani yangu akapiga kelele, na sikusikia kejeli ndani yake. Kipara akasogea kwenye benchi, akanitilia kipande cha nyama mkononi bila kuondoa macho kwenye luninga. Ilibaki penalti moja, yetu. Tukifunga, tumechukua kombe.

Mpigaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma hatua nne, akapiga.

Nilipiga kelele kabla sijajua kwamba ni mimi. Kipara alinikumbatia, kichwa chake kikanigonga kidevu, nikauma ulimi, nikaendelea kupiga kelele na damu mdomoni.

Kisha nikageuka kumtafuta mke wangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wetu, akinitazama. Nyuma yake, ukutani, ndani ya chumba kisicho na mtu, mpigaji wetu alikuwa bado anarudi nyuma.

Hakumsubiri apige. Aliingia ndani, akazima.