Pindo la Gauni Jeupe

Binti yake alipoingia na kitambaa cheupe kwapani, Mama Fundi alijua kabla hajaambiwa. Mtaa mzima ulikuwa unanong'ona. Mtumishi, mhubiri aliyekusanya watu katika ukumbi wa mtaani, alikuwa ametangaza kwamba dunia itafika mwisho Ijumaa, na wafuasi wake watajifungia ukumbini, wasile wala wasinywe, wote wamevaa nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Sikai. Naomba unishonee magauni matatu. Mapana, yafike kwenye kifundo cha mguu. Usiweke mifuko."

"Mifuko imekosa nini?"

"Tuendako hakuna cha kubeba."

"Na hayo matatu ni ya nani?"

"Langu, la Kifungo na lako, mama."

Mpiga pasi, jirani aliyegawana kibanda na Mama Fundi, aliinua kichwa. "Ijumaa? Basi wateja wangu waje Alhamisi wachukue nguo zao. Moto wa siku hiyo sijui kama unafaa kwa pasi!"

Aliyecheka ni Kifungo peke yake, binti wa miaka sita aliyepewa jina hilo kwa kuchezea vifungo chini ya cherehani ya bibi yake.

Mama Fundi hakuweza kuwachukia watu wa Mtumishi. Mkwewe, mume wa binti yake, alipofariki, ndugu walikuja, wakala, wakajifuta midomo, wakaondoka. Waliobaki ni wale. Walisugua masufuria, walimchotea binti yake maji, na mwanamke mmoja alimshika mkono kila jioni mpaka usingizi ukamchukua. Wema ule ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kuupinga. Halafu, kabla ya msiba ule, Mtumishi alikuwa ametabiri kwamba nyumba moja mtaani italia kabla mwezi haujaisha. Katika mtaa wenye nyumba nyingi namna ile, mwezi gani hupita bila kilio? Lakini binti yake alisikia nyumba yake mwenyewe, na tangu hapo akawa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

"Nenda wewe, kama moyo umekwenda," Mama Fundi alimwambia. "Niachie mtoto."

"Nimwache aungue, mama? Wewe ungeniacha?"

Mama Fundi aliinuka. Akachukua utepe, akampima mjukuu wake mabega, kifua na urefu. Angekataa kushona, kitambaa kingekwenda kwa fundi mwingine na mtoto angekwenda nacho. Akishona, walau watarudi kuchukua.

Walirudi Alhamisi. Binti alikuwa amekonda. Alilipitisha gauni la Kifungo mikononi polepole, kama mtu aliyekulia chini ya cherehani, akasimama kwenye pindo. Lilikuwa nene, upana wa shibiri, limekunjwa kwa ndani.

"Mama, hili pindo lote la nini?"

Mama Fundi alilitazama kama analiona mara ya kwanza. Hakukusudia. Nguo zote za watoto alizishona hivyo, mikono ikifanya kazi huku akili iko kwingine.

"Mtoto anakua," alisema.

"Anakua lini, na mwisho ni kesho? Huku ni kukosa imani. Lete mkasi, tulikate."

Akafumua mwenyewe, uzi baada ya uzi, kisha akamvalisha mtoto ili aone pa kukata. Gauni lilimwagika sakafuni, likameza miguu yote miwili. Kifungo alipiga hatua, akajikwaa, akaangua kicheko.

"Mama, hili ni la nikiwa mkubwa! Nikiwa mrefu kama wewe!"

Mkasi ulikuwa umeshafunguliwa. Binti alipiga magoti mbele ya mwanawe, akashika kitambaa kilichozidi. Mpiga pasi aliinua pasi juu ya shati, akasahau kuishusha. Kisha binti akauweka mkasi chini. Akakunja pindo palepale lilipokuwa, akalibana kwa pini moja moja.

"Lishone tena vile vile, mama," alisema bila kuinua uso. "Nitampitia baadaye."

Akachukua magauni mawili, lake na la mama yake. "Hili lako naenda nalo. Nitakushikia nafasi."

Hakumpitia mtoto.

Ijumaa ilipita. Jumamosi muuza maziwa alipita kama kawaida. Mama Fundi alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa watu wazima wakisali si kosa. Akaenda ukumbini. Milango ilikuwa imepigiwa mbao, na ndani waliimba. Aligonga mpaka viganja vikavimba, akimwita binti yake kwa jina la utotoni. Mwishowe sauti ikasikika kwenye ufa, kavu kama ganda la kitunguu.

"Mama. Mtoto amekula?"

"Amekula. Toka, mwanangu. Ijumaa imepita."

"Amekula nini?"

"Uji. Na yai. Toka, nakusihi."

"Basi," sauti ilisema, na haikusema tena.

Kila siku alirudi na chupa ya maji, na kila siku nyimbo zilipungua. Polisi walipovunja milango hapakuwa na wimbo. Mama Fundi hakuhitaji kufunuliwa nyuso. Alimtambua mwanawe kwa mshono. Gauni la pili, lile la Mama Fundi, lilikuwa limekunjwa vizuri kifuani pake, mikono miwili juu yake. Mpiga pasi ndiye aliyembeba Mama Fundi mpaka nyumbani, na kwa siku nyingi hakufanya mzaha.

Mwaka uliofuata Kifungo alikuja na gauni jeupe mkononi.

"Bibi, limenifupia."

Mama Fundi alivaa miwani, akafumua pindo. Kitambaa kilichokuwa ndani kilikuwa cheupe kuliko gauni lote, na alama ya mkunjo ilibaki. Mpiga pasi aliinyunyizia maji, akaipiga pasi, akarudia tena na tena.

"Haitoki," alisema.

"Iache," alisema Mama Fundi, akamvalisha mtoto.