Ua la Shanga Begani

Mgeni rasmi alipouliza swali lake, Mama Pacha alikuwa na chupa ya soda mdomoni, na nusura soda impalie.

"Tuambie, mama," alisema yule bwana wa chama cha wafanyabiashara, kipaza sauti mkononi, ingawa duka alilokuja kulipongeza lilikuwa dogo kiasi kwamba hata mnong'ono ungesikika. "Kampuni nyingine hubadilisha biashara kwa ushindani, nyingine kwa hasara. Wewe ulikuwa unauza mashela ya maharusi, ghafla ukaanza kuyakodisha. Nini kilikusukuma?"

Mama Shela, mwenye duka, alifumba macho, akahakikisha kamera inamwona, kisha akayafumbua.

"Ndoto," alisema. "Niliota. Nikaamka nikasema, mabinti wasio na uwezo nao wapendeze."

Watu wakapiga makofi. Ndoto! Kasema hivyo kwa macho makavu, mbele ya dada wa mumewe mwenyewe, Mama Pacha, aliyekaa kiti cha nyuma na mwanamke aliyemleta kwa makusudi asikie maneno mengine kabisa.

Basi hiyo ndoto ilikuwa hivi. Mkubwa kati ya mabinti pacha wa Mama Pacha alipokuwa anakaribia kuolewa, humo dukani kulikuwa na shela lililoungua. Mama Shela alilipiga pasi huku anaongea na simu, umbeya ukanoga, pasi ikasahauliwa begani. Aliyeliagiza akalikataa, na shela likasukumwa kwenye gunia la matambara. Mama Pacha akaliomba. Hakupewa bure, msidhani. Alishona mapazia ya duka zima, akabandika na vifungo kwenye nguo za wateja, mpaka vidole vikaota sugu. Ndipo gunia likafunguliwa. Akakaa nyumbani na sindano na shanga nyeupe, akashona ua kubwa begani, petali juu ya petali, mpaka alama ya pasi ikazama kabisa.

Pacha mkubwa alipendeza hadi watu wakasahau kula. Na harusi haijapoa, binti wa jirani akabisha hodi. Alikuwa ametoka dukani kwa Mama Shela, bei imemtoa mbio.

"Mama, mimi sitaki kukaa nalo maisha," alisema. "Nataka siku moja tu."

Biashara ilizaliwa hapo, mlangoni kwa Mama Pacha, si kitandani kwa Mama Shela. Binti akaondoka na shela, akalirudisha limefuliwa, na kitu kidogo cha asante. Akaja mwingine. Walioolewa zamani nao wakaleta mashela yao yaliyokuwa yanaliwa na wadudu kabatini, kila mmoja apate chake. Hakuna aliyekaa kikao wala kuandika mpango. Watu walihitaji nguo ya siku moja, na duka lilikuwa linawalazimisha kununua ya maisha.

Dukani wateja wakapungua, na Mama Shela akaanza kutafuta mchawi. Akalaumu mitumba, akamlaumu fundi wake, akalaumu hata rangi ya mlango. Kisha akaalikwa harusi fulani, akaliona lile ua likiingia ukumbini begani kwa binti asiyemjua. Alisimama na sahani yake mkononi, akapayuka, "Mwizi! Wifi yangu ananiibia wateja!" Muziki ukazimwa. Bibi harusi wa watu akabaki amesimama katikati ya ukumbi, machozi yanamlenga.

Kaka yake Mama Pacha, mume wa mwenye duka, mtu asiyeweza kuamua hata aketi wapi bila kumtazama mkewe, aliita kikao. "Tuyamalize kifamilia," alisema. Na kuyamaliza kwenyewe kulikuwa huku: mashela yote yabebwe, yakae dukani mpaka mambo yapoe.

Mambo yakapoa. Kibao cha duka kikapakwa rangi upya: MASHELA YA KUKODI, na pembeni limechorwa ua la shanga. Mama Pacha akabaki na nini? Na jina la mwizi. Waliokuwa wakimletea nguo za kushona wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Pacha mdogo naye alipopata mchumba, mama wa bwana harusi akauliza kwa upole, bila kumtazama usoni, kama yale yanayosemwa ni kweli. Swali hilo lilimchoma Mama Pacha kuliko matusi yote ya ukumbini.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kwa wifi yake kabla wageni hawajafika.

"Wifi, pesa kaa nazo. Mashela kaa nayo. Useme tu mbele ya watu kwamba mimi sikuiba. Nitakuja na mkwe wangu, mama wa bwana harusi, asikie mwenyewe kabla ya harusi ya Jumamosi."

"Jamani wifi, kwani hilo nalo jambo?" alisema Mama Shela, anajipaka poda. "Nitasema."

Sasa alikuwa anasema, na alikuwa anasema ndoto. Mama wa bwana harusi alimgeukia Mama Pacha kidogo, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Mama Pacha akajizuia. Huenda maneno yenyewe yanakuja mwishoni.

Mgeni rasmi akasogea kwenye sanamu ya dirishani, iliyovishwa lile shela la kwanza. "Na hili ua, nembo ya kampuni, nani alilibuni?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mama Shela. "Kwa mikono yangu hii."

Mama Pacha akaweka soda chini. Akapita katikati ya viti, akachukua mkasi wa fundi mezani, akalishika bega la sanamu.

"Wifi! Unafanya nini?"

Mama Pacha alijua uzi umeanzia wapi na fundo liko wapi. Akakata hapo, akavuta, na ua zima likamjia kiganjani, shanga kadhaa zikitawanyika sakafuni. Begani pakabaki doa la kahawia, lenye umbo la pasi kuanzia ncha hadi kisigino.

"He, kumbe limeungua!" alisema binti mmoja aliyekuwa amekuja kukodi.

"Unaniharibia biashara!" Mama Shela alipiga kelele.

"Sijaharibu kitu. Nimechukua changu, chako hicho nimekuachia."

Kaka akainuka nusu, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali. "Jamani, tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia tulishayamaliza, kaka, nikatoka humo mwizi. Leo acha yamalizikie hapa."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa mgeni rasmi, na kila mtu alimsikia akimeza mate. "Samahani, mama. Wewe ni nani?"

"Mimi?" Mama Pacha alisema. "Mimi ndiyo hiyo ndoto aliyoota."

Hakuna aliyepiga makofi. Akafunga ua kwenye kitambaa chake, akageuka kutafuta njia ya kutokea. Kiti cha mkwe wake kilikuwa kitupu. Kisha akamwona. Mama wa bwana harusi alikuwa amepiga magoti sakafuni na nguo yake nzuri ya kutokea, anaokota shanga moja moja.

"Nisubiri, mkwe wangu," alisema. "Hizi nazo tutazihitaji Jumamosi."