Fundo la Norbert

Honi ilitangulia kufika kabla ya gari lenyewe. Ilikuwa honi ya kukwaruza, yenye kikohozi katikati, na Divine, aliyekuwa amelala chali chini ya pikapu ya mteja, aliiacha spana ikining'inia kwenye nati. Nyuma ya nyumba, mwiko wa mama yake ulinyamaza ndani ya sufuria.

Honi zinafanana, Divine alijiambia.

Garaji ile ya mjini Baraka ilikuwa ya kaka yake, Norbert. Alipanda milimani na Land Cruiser iliyojaa chumvi na samaki wakavu, hakurudi. Maiti haikuonekana, kaburi halikuchimbwa, matanga hayakuwekwa. Miaka ilipita, na mama yao bado aliitwa Mama Norbert, na kila mchana alitenga fungu la chakula la mwanawe na kulifunika kwa sahani.

"Hodi! Hapa njo kwa fundi?"

Mzee wa viatu vya mpira alisimama mlangoni, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye nyusi. Nyuma yake lilikuwa gari, Land Cruiser kama nyingi za njia ile, lililokwisha rangi, kutu mwili mzima, nyasi kavu zikining'inia kwenye bampa, mvuke ukifoka kutoka kwenye boneti.

"Karibu, Papa. Usifungue hiyo kofia ya radiateri, itakuunguza uso."

"Sifungue, mutoto wangu. Tangu Fizi inachemuka tu. Kila mutoni nasimama, naipa maji. Hata ng'ombe hainywe vile!"

Aliitwa Safari, mkulima wa huko mbele ya Fizi, kwenye njia ya Kilembwe. Alieleza shida yake akiwa amesimama, kiti alikikataa. Binti yake Furaha alikuwa karibu kujifungua.

"Mutoto analala mukingamo tumboni. Mukunga anasema tusingoje uchungu, apelekwe hospitali. Pikipiki, kwa ile njia, itamuua. Na motokari kwetu njo hii moja tu. Kushuka inakubali. Kupanda inakataa, na hospitali iko juu."

"Unatakiwa urudi lini?"

"Leo. Kama ingewezekana, jana."

Divine aliangalia juu. Baraka jua huchomoza ziwani na kwenda kulala nyuma ya milima, na wakati huo lilikuwa bado upande wa maji.

"Mbele ya jua kuingia kwa mulima, Papa, motokari yako itapanda. Nimesema."

Mzee aliushika mkono wa Divine kwa mikono yake yote miwili.

Chuma kilipopoa, Divine alifungua kizibo cha chini cha radiateri. Maji mekundu yalitoka, yakapungua, yakawa matone, yakakatika. Alichokonoa kwa waya. Waya ulirudi na utando mweupe uliovunda, wenye harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Alicheka bila kutaka.

"Papa! Nani alipikia bugali ndani ya radiateri?"

Alijua jibu la jumla. Radiateri ikitoboka mlimani, madereva wa njia ile humimina konzi ya unga wa muhogo. Unga unaiva ndani, unaziba tundu, nawe unafika kwako. Lakini kesho yake lazima uusafishe, la sivyo unaganda na kuziba njia zote za maji. Norbert alikuwa bingwa wa mchezo huo, na waligombana kila mara. "Radiateri si sufuria, Yaya!" Divine alimwambia kaka yake mkubwa. Naye alimjibu, "Sufuria inanifikisha nyumbani, mudogo wangu."

Safari hakucheka.

"Dereva mwenyewe njo alitia. Bibi yangu, mama ya Furaha, alimupa unga. Mvua ilikuwa inanyesha, mupira wa maji ulipasuka pale kwetu. Akaufunga, akatia unga, maji yakakosa. Akaniambia, 'Papa, nilindie motokari, narudi sasa hivi.' Akateremuka mutoni na bidon ya kuchotea maji." Mzee alitazama mikono yake. "Halafu masasi, bunduki inalia kila upande. Tulikimbilia porini na batoto. Tuliporudi, motokari iko. Bidon tuliikuta kwa maji. Yeye hapana."

"Jina lake?"

"Sikuuliza. Muntu akiwa kwa mvua, haumuulize jina. Nilipeleka habari Fizi, nikasema dereva wa ziwani. Baliniambia, badereva ba ziwani ni wengi." Akameza mate. "Niliifunika na mikeka. Kuku nilikuwa nafukuza basiingie. Niliapa sitaiwasha mpaka arudi mwenyewe. Lakini Furaha..."

Divine hakusubiri amalize. Alijitelezesha chini ya gari, akafuta tope kwa kitambaa. Mpira wa chini wa radiateri ulikuwa umeviringishiwa kipande cha kitenge, na juu ya kitenge uzi wa wavu, na mwisho wa uzi palikuwa na fundo pana, mkia wake umerudishwa chini mara mbili, upande wa kushoto.

Baba yao, aliyekuwa mvuvi, aliwafundisha fundo lile wao wawili tu.

Kwao, fundo hufunguliwa na mkono ulioufunga uzi. Mvuvi asiporudi, wavu wake huachwa ukutani na mafundo yake hata ukioza. Siku mtu mwingine akilifungua fundo lake, ndiyo siku ya kukiri kwamba amekufa, na vilio huanza siku hiyo.

Alipotoka chini ya gari, mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, unga mikononi. Hakuwa amemsalimu mgeni. Alikuwa anakiangalia kiti. Kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kwa miguu mirefu kama ya Norbert, na kwenye mgongo wake palikuwa na gunia lililokunjwa. Safari alikuwa ameendesha akiegemea gunia ili miguu ifike. Kiti hakukisogeza.

"Ni honi yake," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Iko fundo?"

Divine aliitikia kwa kichwa.

"Basi fanya kazi yako. Lakini ile fundo, hapana. Atakuja kuifungua mwenyewe." Akarudi jikoni, polepole, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Divine alikwenda kununua ndimu za kulainisha unga ulioganda, beseni zima. Clarisse, muuzaji, alimcheka: "Fundi, unaenda kuoga nazo? Nani alikuroga?"

"Motokari njo ilirogwa," alijibu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Alizikamua, akachuja maji yake kwa kitambaa mbegu zisipite, akachanganya na maji ya mvua, akamimina. Kisha akawasha injini. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kama mtu anayesafisha koo nje ya mlango kabla ya kubisha. Jikoni kitu kilianguka. Divine hakugeuka. Harufu ya ndimu, kutu na muhogo ilijaa uani, na kwa muda alikuwa na hakika kwamba akiinua macho ataona miguu mirefu upande wa pili wa gari.

Aliinua macho. Ilikuwa miguu ya Safari.

Alizima, akaacha gari lipoe, akamwaga. Maji yalitoka meusi kama kahawa. Akarudia, yalikuwa kama chai. Lakini kila injini ilipopata moto, mshale wa joto ulipanda na kukataa kushuka. Aligusa mpira wa juu, ukamuunguza. Akagusa wa chini, chini ya kitenge. Ulikuwa baridi. Maji ya moto hayakuwa yanafika pale. Alichokonoa tena kwa waya, akaongeza ndimu tupu, akangoja. Mpira ulibaki baridi.

Jua lilikuwa limevuka juu ya mji, linauelekea mlima.

Alimkuta mama yake ameketi karibu na sahani iliyofunikwa.

"Mama, maji haipite. Unga uliganda palepale alipofunga."

"Ongeza ndimu."

"Nimeongeza."

"Basi mugeni angoje. Kesho iko."

"Mutoto wa binti yake analala mukingamo, Mama."

"Na wangu analala wapi?"

Moshi wa kuni ulipita kati yao.

"Ukiifungua," mama alisema, "ni we utakuwa umemuua. Si ile masasi."

Divine alishika mwimo wa mlango.

"Yaya alimwambia huyu Papa, narudi. Hakurudi. Na mimi nimemwambia itapanda leo. Tusimdanganye mara mbili, Mama. Mara mbili, nyumba moja."

Mama yake aligeuza uso ukutani.

Divine hakuchukua kisu. Alilala chali chini ya gari, akadondoshea uzi mkavu maji ya ndimu mpaka ukalegea, akautafuta mkia kwa kucha. Mara ya kwanza, baba yao alikuwa akisema, unalidanganya fundo. Mara ya pili unalibembeleza. Alilibembeleza. "Nisamehe, Yaya," alinong'ona. Mkia ulitoka, kisha uzi wote ukaachia kwa pamoja, kana kwamba ulikuwa umechoka kushika.

Alipouvuta mpira, kitu cheupe kiliteleza, kikaangukia kiganjani mwake. Lilikuwa tonge gumu, la ukubwa ule ule wa tonge la mtu mzima. Kisha maji yakafoka, yakamlowesha uso. Yakaja ya kahawia, yakaja ya majivu, yakaja safi.

Aliosha kwa maji ya majivu ili ukali wa ndimu usile chuma, akaosha tena kwa maji matupu. Akakata mpira mzima kutoka kwenye gari bovu lililokuwa uani, akaufunga kwa vibano vya chuma. Injini iliwaka bila kukohoa. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa.

Safari alipanda, gunia mgongoni. Akasita.

"Mutoto wangu... kiti, naweza kusogeza?"

Divine aliangalia upande wa jikoni. Hakuna aliyetokea.

"Sogeza, Papa. Njia iko ndefu."

Reli ya kiti ilikuwa na kutu, ililia, ikakubali. Mzee aliondoa gunia, akamkabidhi Divine kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha gari likatoka, likashika njia ya Fizi.

Divine alibaki uani, uzi wa wavu mkononi. Nyuma yake alisikia sahani ikifunuliwa na kuwekwa chini. Halafu mama yake alitoka, ameondoa kitambaa kichwani, akaketi kwenye udongo penye baka la maji yaliyomwagika, akamwita Norbert kwa jina lake lote. Sauti ile ilivuka ua. Majirani waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja mmoja, wanawake walianza kuja, vitenge vimefungwa viunoni.

Divine aliketi karibu na mama yake. Mama hakumwangalia, lakini hakujisogeza.

Mbali, kwenye kona ya kwanza ya mlima, honi ya kukwaruza ililia mara moja. Gari lilikuwa linapanda, na jua lilikuwa bado halijaingia.