Vumbi la Shati

Kila asubuhi mjane alifagia uwanja wa kiwanda cha saruji, na kabla hajafika mwisho, alipoanzia pamekwisha kuwa kijivu tena. Kwenye nguzo ya lango kilining'inia kisanduku cha kupimia vumbi, kilicholetwa na watu wa mradi wa hewa. Ndani yake, walieleza siku ya kukifunga, mna mwali wa mwanga. Vumbi likipita, mwanga hutawanyika, nacho huhesabu. Nje kiliwaka kitaa kimoja cha kijani.

Kitaa hicho ndicho msimamizi alichomwonyesha alipokwenda kuomba kiwanda kikiri kilichomuua mumewe, mpakiaji wa mifuko aliyekufa akikohoa kama mtu aliyekabwa na mchanga.

"Kijani, mama. Mashine haina shangazi wala mjomba. Hewa ni safi. Mumeo kaondoka na sigara zake."

Mumewe hakuvuta sigara hata siku moja. Wapakiaji waliokuwa karibu walitazama viatu vyao.

Tangu hapo mjane alisali sala moja tu, magoti sakafuni: Bwana, usimsamehe huyu kabla sijamaliza naye. Alijua si sala njema. Aliitia amina hivyo hivyo.

Miezi sita alingoja kitaa kibadilike. Hakikubadilika. Akaona basi, mashine nayo imefundishwa uongo, na dawa ya moto ni moto. Alikuwa na shati la mwisho la kazi la marehemu, ambalo hakuwahi kulifua. Lilikuwa limekakamaa kwa saruji, na usiku alilala nalo. Siku wakaguzi wa serikali walipokuja kiwandani, alilificha ndani ya ndoo. Walipoingia ofisini, aliigeuza ndoo, akapanda juu yake, akalikung'uta shati mbele ya tundu la kisanduku. Mara saba. Kila mara alimwambia msimamizi moyoni: kula.

Fundi wa mradi, binti mwenye kompyuta mapajani, alishtuka. Namba zilikuwa zimepanda hadi zikagota. Wakaguzi walitoka mbio, wakamkuta mjane bado juu ya ndoo, shati mkononi.

Msimamizi hakukasirika. Alicheka polepole, kama mtu aliyeokota pesa. Aliwaomba waandike kwamba kifaa kimechezewa. Na kama kimechezewa leo, nani ajuaye kilianza kuchezewa lini? Vipimo vyote vya miezi sita vifutwe. Mkuu wa wakaguzi, ambaye kalamu yake ilikuwa wazi tangu aliposhuka garini, aliandika.

Binti alimvuta mjane kando.

"Mama, kwa nini? Ilibaki sahihi yao tu. Vumbi limepita kiwango mara tisa, kila siku ya Mungu. Lote lilikuwa humu."

"Kitaa kilikuwa kijani, mwanangu."

"Kile kinaonyesha umeme upo. Basi."

Msimamizi alipita, akamgusa bega. "Asante, mama. Kesho njoo kazini kama kawaida. Kisanduku sasa utakipangusa wewe."

Magari yaliondoka. Mjane alilikung'uta shati tena, kwa nguvu. Halikutoa kitu. Lilikuwa jepesi, bluu yake ikionekana kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilitandaza mikononi, na vumbi likaanza kutua juu yake, jipya, la leo. La mumewe lilikuwa limekwisha.