Gwakisa wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kufikia saa nne asubuhi Ferista alikuwa ameshawanywesha chai madereva wa nusu foleni ya malori mpakani Tunduma, na maharage ya mchana yalikuwa yanachemka. Kando ya jiko aliweka karanga za kukaanga na kitabu cha kuzifungia. Vitabu vya namna hiyo alivinunua kwa kilo, vikiwa vimechanganywa na madaftari ya shule. Alikuwa akichana kuanzia nyuma, kwa sababu huko ndiko karatasi zinakolegea mapema.

Siku hiyo wateja walipungua, akasoma alichokuwa akikichana. Ilikuwa riwaya ya mkulima wa kahawa aitwaye Gwakisa. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja, Gwakisa anarudi kutoka shambani, na kabla hajakaa anamwuliza mkewe, "Umekula?" Mke anasema bado. Gwakisa anaosha sahani mwenyewe, anampakulia.

Ferista aliusoma ukurasa huo mara tatu. Maharage yakashika chini. Alilisha watu themanini kwa siku, na hakukumbuka ni lini mtu alimwuliza hivyo.

Kesho yake Gwakisa akaingia kwa mlango wa nyuma wa mgahawa, miguu ina tope la shamba.

"Ferista, umekula?"

"Bado."

Akaosha sahani, akampakulia. Watu wengine wote pale humwita mama Brenda.

Saa saba alikuja Watson, mumewe, anayepima mahindi kwenye ghala la jirani.

"Mgeni wa wapi?"

"Wa ukurasa wa arobaini na moja," Gwakisa alisema.

"Karibu. Mama Brenda, ongeza mboga."

Tangu hapo Gwakisa alikuja kila siku. Hakujua maisha yake yanaishaje, akamwuliza Ferista.

"Mwisho wako nimeshauuza. Umevuka mpaka na karanga."

"Basi. Mradi walishiba."

Ikupa, anayeuza ndizi mlango wa pili, alimchunguza kwa siku mbili.

"Mwanaume wako wa karatasi hana hata pikipiki."

"Hana."

"Shamba lenyewe liko kitabuni."

"Liko kitabuni."

"Sasa unampendea nini, shoga?"

"Anauliza, halafu anasubiri jibu."

Ikupa alimenya ndizi, akaila yote. Kisha akaomba aazimwe kitabu kikiisha kusomwa.

Ijumaa Ferista alikwenda kuteka maji, akamwachia Watson meza. Mteja alitaka karanga, karatasi zilikuwa zimekwisha, Watson akafungua kile kitabu katikati na kuchana. Ferista aliporudi alimkuta Gwakisa amekaa, tope miguuni, bila kumwuliza kitu, akiitazama sahani tupu mbele yake. Alikuwa anasubiri kupakuliwa; kitabuni ukurasa wa arobaini na moja haukuwepo.

"Karanga kanunua nani?"

"Dereva wa lori la bluu," Watson alisema. "Kwani zilikuwa na mwenyewe?"

Ferista aliacha mwiko kwenye sufuria, akaifuata foleni. Malori ya bluu yalikuwa tisa. Kwenye la saba, dereva aitwaye Aziz alikuwa amezimwaga karanga mapajani na anaisoma karatasi.

"Nipe hiyo karatasi, kaka. Ni ya mtu."

"Subiri kidogo, mama." Akampigia simu mkewe huko Tanga, sauti ikiwa wazi. "Siti, umekula?"



"Aziz, umefanya nini huko?"

"Sijafanya kitu."

"Sema tu. Nimeshakaa chini."

Aziz alikata simu, akaikung'uta karatasi chumvi na kumrudishia.

Ferista aliishona mahali pake kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya kufungia gunia. Alipokata uzi kwa meno, Gwakisa aliinuka, akachukua sahani, akaanza kuiosha. Watson alikuwa mezani, anamalizia ugali.

"Umekula?" Gwakisa aliuliza.

"Mimi nimeshiba," Watson alijibu, akasukuma sahani yake upande wa mkewe.

Ferista akaichukua. Gwakisa hakugeuka kumtazama Watson. Alisimama na sahani safi mkononi, maji yakimdondoka, bado anasubiri jibu la Ferista.